Bi Geji Anajibu: Tairi la Tano Linadai Zamu

Wiki hii karibu barua zote zinalia na taa moja: ile ya njano kwenye dashibodi, kiduara kilicho wazi kwa juu, kina alama ya mshangao katikati. Wapo wanaoiogopa, wapo waliokwisha kuizoea, na yupo mmoja anayepanga njama ya kuidanganya. Naanza na mwenye kesi nyumbani, maana huyo hali akashiba.

*

Bi Geji, shikamoo. Nina gari la mtumba kutoka Uingereza, la mwaka 2016, linavuta magurudumu yote manne. Spea yake ni tairi kamili, saizi ileile, rimu ileile. Juzi nilimpigia fundi nikamwambia: "Hizo nne zimechoka. Namba tano imekaa tu nyuma, haijaguswa tangu niichukue. Sasa nayo iingie zamu." Sikujua mke wangu amesimama mlangoni. Hakuuliza kitu, ila tangu siku hiyo chakula kinakuja kimepoa. Na kama hilo halitoshi, tangu namba tano ifungwe, taa ya upepo haizimi. Nikiwasha gari inapepesa kama dakika nzima, kisha inatulia ikiwa inawaka. Matairi yote nimepima, upepo uko sawa. Fundi ameona kwamba matairi manne ya zamani yana valvu za chuma, na spea ina ya mpira. Nifanyeje?
– Mwenye Zamu, Tabata

Marahaba, mwanangu. La nyumbani ni jepesi. Mpeleke mwenzio gereji, mwoneshe namba tano, aishike mpaka mikono ichafuke. Aliyekwisha kusikia neno zamu haridhiki na maelezo.

La gari ni refu, vuta kiti. Umepima upepo ukaukuta sawa, ukashangaa taa haizimi. Lakini taa haikusema upepo umepungua. Ikiwaka na kubaki imewaka bila kupepesa, maana yake kuna tairi limeshuka. Ikipepesa dakika moja hadi moja na nusu kila unapowasha gari, ndipo ikatulia, inalalamika kuhusu mfumo wenyewe: kuna sensa haisikiki. Hapo ungejaza upepo mpaka kesho usingeambulia kitu.

Hizo valvu za chuma ndizo zilizotoboa siri. Magurudumu yako manne yana sensa ndani ya rimu, kila moja imeshikamana na shina la valvu. Ni kidude chenye kipima upepo, betri na redio ndogo, na kila kimoja kina namba yake ya utambulisho. Kompyuta ya gari, ile mafundi wanayoiita kontrol boksi, imeandikisha namba nne. Gari lako linazo kwa sababu Umoja wa Ulaya, ambao Uingereza ilikuwa ndani yake wakati huo, uliamuru kila gari dogo jipya litakalouzwa kuanzia Novemba 2014 liwe na mfumo wa kuchunga upepo. Spea haikuwekewa sensa. Kiwanda hakikuona faida ya kununua betri ikalale butini. Ulipofunga namba tano, kompyuta iliita majina manne, wakaitika watatu.

Utaniuliza: huyo wa nne si yumo butini, hatua mbili tu kutoka hapo? Yumo, lakini amelala. Sensa nyingi hulala gurudumu lisipozunguka, ili kuokoa betri. Na betri yenyewe imezibwa ndani ya plastiki, haibadilishwi; ikiisha unanunua sensa nzima. Kwa kawaida hudumu miaka mitano hadi kumi. Gari lako ni la 2016. Piga hesabu kabla hujamlaumu fundi.

Njia iliyonyooka ni kulinunulia tairi la tano sensa yake, lakini uliza kwanza kama kompyuta yako inakubali kuandikisha namba tano. Zipo zinazokubali. Nyingine zinakumbuka nne basi, na kila zamu inapobadilika lazima namba ya tairi linaloingia iandikishwe badala ya ile inayotoka. Namna ya kuandikisha nayo si moja. Kuna magari yanayojiandikishia yenyewe ukiyaendesha kwa muda. Kuna yanayotaka fundi apite na kifaa cha kuziamsha sensa, gurudumu baada ya gurudumu, kwa mpangilio uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Kuna yasiyosikia mpaka mashine ichomekwe kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Usiruhusu nati hata moja ifunguliwe kabla fundi hajakuambia gari lako liko kundi gani, na kifaa chenyewe anacho.

Mtu atakushauri sensa ya kunakili, yaani sensa mpya ipewe namba ileile ya tairi linalokwenda butini, kompyuta isijue mabadiliko. Inafanya kazi mradi aliyelala aendelee kulala. Mimi siipendi: barabara ya makorongo inaweza kumwamsha, na hapo kompyuta inasikia sauti mbili zenye jina moja.

Kuna jambo watu hulisahau. Magari mengi yanayoonesha upepo wa kila tairi peke yake hubaki na ramani ya zamani usipoandikisha upya baada ya kuhamisha. Kioo kitakuambia la mbele kushoto limeshuka, utajaza la mbele kushoto, kumbe linalovuja liko nyuma kulia nawe unaondoka nalo hivyohivyo mpaka Chalinze.

Sasa zamu yenyewe. Kwa gari linalovuta nyuma au kote kote, ya nyuma yanakwenda mbele bila kubadilisha upande. La mbele kulia linavuka kwenda nyuma kushoto. Spea inaingia nyuma kulia, na la mbele kushoto linakwenda kupumzika butini. Fanya hivyo kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Kama ubavuni mwa matairi kuna mshale wa mwelekeo, yasivuke upande, na spea itafaa upande mmoja tu mpaka ivuliwe kwenye rimu na kugeuzwa.

Faida ya kuwa watano ipo. Tuseme kila tairi lina uwezo wa kilomita 50,000. Manne yakifanya kazi peke yao, kwenye 50,000 unanunua manne mapya na unabaki na spea kuukuu isiyofanana nayo. Matano yakipeana zamu, seti nzima inafika kilomita 62,500 na yote yanaisha pamoja.

Lakini zamu hiyo huanza yote yakiwa mapya, na hapo ndipo ninapogombana nawe. Umechukua tairi ambalo halijakanyaga lami ukalichanganya na matatu yaliyochoka, kwenye gari linalovuta kote. Tairi jipya lina mzingo mkubwa kuliko lililolika, kwa hiyo linazunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, na gia zinazogawa nguvu ndizo zinazobeba tofauti hiyo safari nzima. Gia hizo ni ghali kuliko matairi yote matano.

Kisha soma ubavu wa hiyo namba tano. Baada ya herufi DOT, mwishoni utakuta tarakimu nne. Kama ni 1116, limetengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa, na watengenezaji wengi wanasema miaka kumi ndiyo mwisho, liwe limetembea au halikutembea. Spea isiyoguswa uliyojivunia kwa fundi huenda ndiyo kongwe kuliko zote. Ikiwa hivyo, irudishe butini kwa dharura tu, na siku ya kununua mapya ununue matano na sensa tano. Mke wako awepo dukani.

*

Jambo Mama Geji. Niko Goma. Nina Toyota 4Runner iliyotoka Marekani, usukani kushoto. Taa ya upepo inawaka, haipepesi, imetulia tu. Matairi manne nimejaza mara nyingi. Shemeji yangu aliye Ulaya amenitumia sensa mpya kama zawadi, fundi amezifunga, sasa taa ndiyo imeanza kupepesa. Zawadi imekuwa tatizo juu ya tatizo.
– Baba wa Kivu

Jambo sana, baba. Yako ni matatizo mawili, na la kwanza lilihitaji mkeka tu wa kulalia. Ingia chini ya gari. Spea ya 4Runner inaning'inia chini kwa nyuma, ni tairi kamili, na kiwanda kiliiwekea sensa yake. Taa ni moja kwa matairi yote, haina namna ya kukutajia nani mwenye njaa. Ulikuwa unawajaza wanne walioshiba. Ishushe ya tano, ipime, ijaze kama kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinavyosema.

La pili umeletewa na mapenzi ya shemeji. Sensa za Toyota zilizouzwa Marekani kwa miaka mingi zinazungumza kwa redio ya megahezi 315. Sensa zinazouzwa Ulaya hutumia 433. Kompyuta yako imetega sikio kwenye 315, na hizo mpya zinapiga kelele kwenye masafa ambayo haiyasikilizi kabisa. Hazikuharibika, wala hakuna fundi atakayeziandikisha. Kama sensa za zamani bado ziko gereji, zirudishe. Mshukuru shemeji, umwambie safari ijayo atume geji nzuri ya mkononi. Hiyo haiulizi gari limetoka bara gani.

*

Bi Geji, assalaam alaikum. Sisi huku Muscat tuna desturi ya kwenda mchangani Ijumaa. Tunapunguza upepo hadi PSI 18, taa inawaka, sawa. Tukirudi lami tunajaza. Ijumaa iliyopita nilijaza, nikaendesha mpaka nyumbani saa nane mchana, nikapima nikakuta 40. Nikapunguza mpaka 33 inayoandikwa mlangoni. Asubuhi ya pili taa ikawaka. Tairi halina pancha. Hii taa ina wivu?
– Mtu wa Jangwani

Wa alaikumu salaam. Taa haina lawama, wewe umeyapima matairi yakiwa na homa. Kipimo cha mlangoni ni cha tairi baridi: gari limeegeshwa angalau saa tatu, kivulini, au halijavuka kilomita mbili hivi. Upepo ukipata joto hutanuka. Kwa tairi la gari dogo, kila nyuzi 10 za Selsiasi huongeza au hupunguza PSI moja na nusu hadi mbili. Lami ya Muscat mchana wa kiangazi pamoja na mwendo wa barabara kuu zimekupandishia hadi 40, ukaona ziada. Haikuwa ziada. Ulipoiachia ikatoka, asubuhi tairi lilipopoa likawa limeshuka chini ya mstari.

Kamwe usitoe upepo kwenye tairi la moto. Mchangani kupunguza ni halali, na taa kuwaka kule ni kazi yake. Ukirudi lami jaza mpaka kipimo cha mlangoni, au zidi kidogo, kisha sahihisha asubuhi baada ya sala ya alfajiri kabla jua halijapiga. Na spea iliyofungwa mlango wa nyuma ipime asubuhi hiyohiyo. Jua la mchana linaidanganya geji kwa tairi hilo kuliko yote.

*

Bi Geji, shikamoo. Navuka Likoni kila siku kwenda kazini. Nilinunua vifuniko vya valvu vya chuma vinavyong'aa, vya kupendeza kweli. Nilipotaka kuingiza spea kwenye zamu, fundi alijaribu kufungua kifuniko, kikagoma. Akatia koleo. Valvu ikakatika, upepo wote ukatoka. Sasa anataka kuweka tyubu, eti niendelee na safari zangu.
– Mpenda Urembo, Mombasa

Marahaba, mwanangu. Shina la valvu ya sensa kama yako ni la aluminiamu. Ukilivika kifuniko cha shaba nyeupe au madini mengine, kisha ukalipeleka kwenye upepo wa chumvi wa kivuko kila asubuhi, madini hayo mawili yanakulana mpaka yanashikana. Urembo ndio uliovunja. Rudisha vifuniko vya plastiki vilivyokuja na gari, na kile kisindano cha ndani ya valvu kiwe cha kupakwa nikeli. Kisindano cha kawaida kinachouzwa kwa wafunga pancha kitashikana vilevile.

Tyubu ikatae. Sensa na tyubu hazikai rimu moja, kwa hiyo akiweka tyubu ujue sensa ameitoa, na taa itakudai. Na kila tairi linapovuliwa kwenye rimu, dai kifurushi kipya cha valvu: mpira wa kuziba, nati, kisindano na kifuniko. Ni vitu vidogo, bei yake haifiki hata nusu ya sensa. Halafu simama karibu fundi anapovua tairi. Mwambie kabla hajaingiza mtaimbo kwamba sensa iko nyuma ya valvu, aanze kubandua mbali nayo. Si kila sensa hufa kwa uzee; nyingine zinauawa na mtaimbo. Zile dawa za kuziba pancha zinazopulizwa ndani nazo huweza kuganda juu ya tundu la kipima upepo. Uliza kwanza kama ni aina isiyodhuru sensa.

*

Bi Geji, gari langu la kutoka Japani halina taa hii kabisa. Wenzangu wote wanayo. Je, nimepunjwa?
– Mnyonge, Mbezi

Hapana. Marekani na Ulaya ziliwalazimisha watengenezaji. Japani haikufanya hivyo kwa magari ya sokoni kwake. Nunua geji.

*

Bi Geji, salamu kutoka Nairobi. Sensa zangu mbili zimekufa betri na mpya ni ghali. Fundi mmoja hapa River Road amenipa wazo: tununue sensa nne za mtumba zenye betri, aziandikishe, kisha azifungie zote ndani ya kipande cha bomba la plastiki, alizibe pande zote mbili, alijaze upepo wa 35, alitie chini ya kiti. Kompyuta itaona matairi manne yako sawa maisha yote. Zamu ya matairi matano nitafanya bila kuandikisha chochote. Wazo hili si la kipaji?
– Mchumi

Ni la kipaji, na kwa gari ambalo sensa zake hazilali zisipozunguka, bomba linafanya kazi. Ndiyo shida yake. Siku msumari utakapoingia tairi la nyuma ukielekea Naivasha, bomba litaendelea kutangaza 35 kutoka chini ya kiti, wewe ukiwa umetulia.

Nikukumbushe taa hii ilikotoka. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliyaita yarudishwe matairi yapatayo milioni 6.5 Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Yalikuwa yanabanduka tabaka kwa tabaka yakiwa mwendoni, gari linapinduka, na waliokufa Marekani pekee walizidi 200. Joto na upepo mdogo vilikuwa sehemu ya kesi hiyo. Mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria iliyozaa taa yako, na kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililouzwa kule likalazimika kuwa nayo.

Wala usidhani taa yenyewe ni mlinzi mkali. Sheria hiyo iliidai iwake tairi likishuka asilimia 25 chini ya kipimo. Kwa tairi la 32, ni mpaka lifike 24. Kutoka 32 hadi 25 unaweza kuendesha miezi, tairi linapata joto, linalika pembeni, linakunywa mafuta yako, na dashibodi nyeusi kimya. Ukiondoa hata hicho kidogo umebaki na nini?

Kama hela ya sensa haipo, acha zilizokufa zife, acha taa iwake, na ununue geji ya mkononi pamoja na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Pima matano kila Jumapili asubuhi. Taa inayowaka kwa ukweli unaoujua haina madhara. Bomba linalosema uongo mzuri nalikataza. Ila kama unataka kuja kuliuza gari Uingereza, jua kwamba ukaguzi wao wa kila mwaka unaliangusha gari kwa taa hiyo kuwaka. Hapa kwetu atakayekuangusha ni msumari.

*

Neno kwa watakaoandika wiki ijayo. Taja aina ya gari, mwaka wake, nchi lilikouzwa mara ya kwanza, na kama taa inapepesa au imetulia. Usitume picha ya dashibodi uliyopiga gari likiwa mwendoni; wawili wamefanya hivyo na barua zao nimezichana. Tuma na vipimo vya matairi yote yakiwa baridi, spea ikiwamo. Barua yenye vipimo vinne sitaijibu.